Alama ya Kutoa

"Baba, mbona simu haielewi?" Ni mwanangu wa mwisho, yule wa maswali. Kaandika python kwenye Google, anamtaka chatu, analetewa masomo ya Python ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye alama ya kutoa (-), kisha nikakirudisha.

Mwaka 2004, chuoni, nilipewa insha ya sumu ya zebaki. Nikaingia Google nikaandika mercury, zebaki kwa Kiingereza, basi. Ikaja sayari. Akaja Freddie Mercury na masharubu yake. Zikaja injini za boti na magari ya jina hilohilo. Dada mmoja wa mwaka wa tatu, kiti cha pili, akachoka kunitazama.

"Mdogo wangu, iambie na usichokitaka."

Akavuta kibodi. Mercury, nafasi, halafu akabonyeza alama ya kutoa polepole ili nione, akaigandisha na neno planet. "Hapa usiache nafasi, utaharibu." Akabonyeza tena. Sayari nzima ikatoweka! Akafungia mercury poisoning ndani ya alama za nukuu, maneno yaje yakiwa yameshikana vilevile, akarudi kwenye kazi zake.

Nikabaki nimelewa madaraka. Freddie, toa. Magari, toa. Boti zilikuwa bado zinachungulia na wavuvi wake, nikatoa fish. Safi kabisa, zebaki tupu: vipimajoto, wachimba dhahabu, mafundi kofia wa zamani. Insha nikaimaliza usiku uleule, na majivuno juu.

Ilirudi na wino mwekundu, maneno matatu: "Minamata iko wapi?"

Sikuwahi hata kuisikia. Minamata, Japani: kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka na miaka, ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Na watu waliipataje sumu? Kwa kula samaki. Ile alama haipimi ukurasa unahusu nini. Neno likitajwa hata mara moja, ukurasa wote umekwenda. Nilikuwa nimeifuta Minamata kwa mkono wangu, tena nikifurahia usafi.

Kwa hiyo leo nikamwambia mtoto aongeze tu neno snake. Akanitazama kama mzee fulani hivi, akaandika python, nafasi, alama ya kutoa, programming. Imeshikana barabara. Kafundishwa na nani, sijui. Chatu wakajaa kioo kizima.

Nikafungua mdomo nimweleze habari za samaki, kumbe keshaondoka na simu yangu.