Kauri zinazofanana kama mapacha

Mchana kutwa leo nimekaa na kopo la kauri, makombe ya konokono wa baharini, za marehemu shangazi, nazichambua moja moja. Aliziokota Pemba, maji ya bamvua yakitoka, kwenye majani ya bahari na chini ya mawe. Nyingi hazifiki hata sentimita tatu.

Ukizitazama juujuu utasema ni aina moja. Ni mbili: Monetaria moneta, ile ya manjano iliyokuwa fedha, na Monetaria annulus, yenye pete ya rangi ya chungwa mgongoni. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alizipa majina zote mbili mwaka 1758.

Watu wengi hutazama pete wakamaliza. Mimi pete siiamini. Zipo moneta zenye mstari hafifu wa chungwa unaozunguka mgongo, na annulus iliyosagwa na mchanga pete yake hufutika kabisa, rangi ya juu ikaisha, ikabaki zambarau. Moneta nayo ikilika huwa zambarau vilevile. Ndiyo maana naanza na umbo: naiweka kiganjani, mgongo juu, halafu napitisha kidole gumba pembeni. Annulus ni mviringo wa yai, kidole kinateleza bila kukwama. Moneta ni pana, bapa, na pande zote mbili ina vinundu vinavyoifanya iwe na pembepembe. Hata ukifumba macho utavihisi.

Changa nimezitenga. Mdomo wake bado ni mpana, ukingo ni mwembamba kama ganda la yai na haujajikunja kwa ndani, meno hayajatoka, na mgongoni kuna mikanda ya kijivu. Hizo nimeziandikia Monetaria tu. Kulazimisha jina la pili ni kuudanganya mkusanyiko.

Zamani tofauti hii ilikuwa biashara kubwa. Afrika Magharibi walizoea moneta za Maldivi. Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg wakaanza kupakia annulus za pwani yetu, ambazo Zanzibar zilipatikana kwa bei ndogo, wakazipeleka huko kununulia mafuta ya mawese. Zilikuwa kubwa na nzito zaidi, zikamiminika shehena kwa shehena mpaka thamani ya kauri ikaporomoka. Huwa naumia nikiwaza mtu aliyeweka akiba yake yote kwa kauri, akaiona ikiyeyuka kwa sababu ya konokono waliookotwa kwenye fukwe hizi.

Jioni hii imenibakia moja yenye ubishi. Pete ipo, imezunguka kamili, chungwa lenyewe. Vinundu navyo vipo, pande zote mbili, na tumbo limetanuka. Nimeilaza katikati ya annulus kumi, ikajitenga yenyewe kwa upana. Nimeihamishia kwa moneta, ikatulia. Nimeshaiandikia karatasi yake: Monetaria moneta, yenye pete, Pemba.