Kete 64 na meza 13: tulivyowahudumia wageni wetu wakiwa wamekaa

Mtu mwenye mkongojo hana mkono wa pili wa kushikia sahani. Hilo nililiona mwaka juzi kwenye chakula cha jioni cha parokia yetu hapa Mtwara mjini, pale babu mmoja alipotoka kwenye foleni nusu ya wali imemwagika, mchuzi unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Chakula kile tunawapikia wazee, wajane, wagonjwa na jirani yeyote anayependa kuja, awe Mkristo au Mwislamu. Halafu tunawapanga mstari kama watu wanaogawiwa msaada. Nikamwambia mwenyekiti wa jumuiya kuwa safari ijayo wageni watakaa, wataulizwa wanataka nini, na wataletewa mezani kama mgahawani. Akanijibu, "Basi dada, simamia wewe." Nikasimamia.

Ushauri nilipewa mwingi, na mwingine unanikera hadi leo. Mtu mmoja mwenye mgahawa alisisitiza vyakula viwe vinne, kwa kuwa bila kuchagua hakuna mgahawa, na kila mhudumu awe na daftari. Mwingine alisema wazee wa huku wataona haya kuulizwa, bora tuwapakulie tu. Huyu wa pili nilimpuuza. Yule wa kwanza nilimsikiliza, na ndipo jioni yetu ya baada ya Pasaka ilipoharibika.

Vijana kumi walizunguka na madaftari. Hatukujua majina ya wageni, kwa hiyo waliandika walichokiona: "mama wa kilemba cha bluu, kuku", "mzee wa kanzu, mbaazi". Walipofika jikoni, wapakuaji wawili wakawa wanasomewa karatasi kumi kwa mpigo, kila moja na mwandiko wake. Wakati huo mama wa kilemba cha bluu amehama meza kumfuata wifi yake, na wazee wa kanzu walikuwa sita. Sahani zikatoka, zikazunguka ukumbini, zikarudi jikoni, wali umepoa na mafuta ya nazi yametanda juu ya mchuzi. Samaki wakaisha tukiwa tumeshawaahidi watu karibu ishirini. Yule babu wa mkongojo, ambaye kwa ajili yake nilianza haya yote, alikaa saa nzima bila kitu. Nilipomfikishia sahani aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, foleni ilikuwa afadhali." Usiku ule sikulala vizuri.

Shida ilikuwa ile kuandika, na kuahidi kitu ambacho hujui kama kimebaki. Nilikaa nalo miezi kadhaa. Wazo la kwanza lilikuwa korosho ghafi: mgeni akitaka samaki, awekewe korosho mbele yake. Mama jirani akanizuia hapohapo. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza, na mtoto akiling'ata midomo inababuka. Sisi tuliokulia kwenye mikorosho tunalijua hilo, lakini siku hiyo lilikuwa limenitoka kichwani.

Jibu lilikuwa kibarazani kwa jirani yangu, ambako wazee hucheza bao kila jioni. Bao moja lina mashimo 32 na kete 64, na za kwao ni komwe, mbegu za kijivu, ngumu, zilizong'aa kwa kushikwa. Nikamwomba mwenye bao aniazime kete zake kwa siku moja. Alinitazama kwa muda, akasema, "Nitazihesabu zikirudi."

Kuanzia hapo nilipanga kila kitu kufuata zile kete. Vyakula viwili tu: wali wa nazi na samaki wa kupaka, au wali wa nazi na kuku. Kete 64, kwa hiyo vipande 64 vya samaki, yaani changu 32 niliowafuata feri alfajiri, kila mmoja akakatwa mara mbili. Kuku walikuwa kumi, kila mmoja vipande vinne, na kwa hao kuku, watoto waliniokotea simbi 40 ufukweni maji yalipokupwa. Jumla wageni 104, meza 13, kila meza watu wanane. Tulifanya Novemba, fedha za korosho zikiwa zimeanza kuingia mifukoni, na michango haikusumbua. Samaki walikula laki mbili na ushee, mchele na nazi nao kama hivyo. Vitunguu na mkaa watu walileta wenyewe.

Kuku walichinjwa na mwalimu wa madrasa wa mtaani, na masufuria tuliazima kwa kina mama wa Kiislamu. Usiache jambo hili hadi siku yenyewe. Jirani akiwa na shaka na sufuria hatakwambia, atakunywa maji tu na kuondoka.

Kila mhudumu alipewa meza moja, kete tano na simbi tatu. Wa meza ya mwisho alipata nne kwa nne, na hesabu ikatimia. Mgeni akisema samaki, anawekewa kete mbele yake. Akisema kuku, simbi. Meza ikitaka samaki zaidi, wahudumu wanabadilishana wao kwa wao kabla hawajaenda jikoni. Kete zikikuishia mkononi, samaki hayupo, na humuahidi mtu. Ukileta sahani unaiweka, unaichukua kete. Kwa hiyo ukitupa jicho ukumbini, penye kete au simbi pana mtu hajala. Hakuna daftari hata moja.

Kabla ya hayo tuliwanawisha mikono palepale walipokaa, kwa birika la maji ya uvuguvugu, beseni na sabuni. Anayenawisha asiwe anayebeba sahani. Na sahani zibebwe kwa sinia, nne nne, hayo mambo ya kuzipanga mkononi tuwaachie wenye kazi zao.

Meza zote zilikuwa zinakula ndani ya nusu saa. Nikapita kukagua, nikaona bibi mmoja meza ya tisa amekaa kimya, mikono mapajani, mbele yake peupe. Hakuna kete, hakuna sahani. Mhudumu wake aliapa kuwa alimwekea. Nikachutama, nikamuuliza, "Shikamoo bibi, hujaletewa?" Akaitikia, kisha akavuta pindo la kanga yake, akaanza kufungua fundo kwa meno na vidole. Ndani mlikuwa na kete yetu, na sarafu ya shilingi mia tano. Akaviweka vyote viwili mezani, kimoja baada ya kingine. "Nimeitunza," akasema. "Nilikuwa namsubiri mwenye kupokea pesa. Chakula cha kuletewa si hulipiwa?"

Nikamwambia kimeshalipiwa. Akauliza na nani. Nikamjibu, na watu wengi, bibi, na wengine wako humu humu. Nilimletea samaki mwenyewe, upande wa mkiani kama alivyotaka, na nilikaa naye hadi alipomaliza. Sarafu hakukubali kuirudisha kwenye fundo, ikaenda kwenye kapu la sadaka.

Saa mbili usiku nikapeleka kete kibarazani. Mzee hakuzihesabu kwa mdomo. Alilitandaza bao lake chini ya taa, akaanza kutia kete mbili mbili kila shimo, kama watu wanaoanza bao la kujifunza. Shimo la 32 likapata moja. Akaninyooshea kiganja bila kusema neno. Nikaingiza mkono mfukoni mwa aproni, nikaikuta ile ya bibi, bado ina harufu ya kanga iliyofukizwa udi, nikamkabidhi. Akaitia shimoni, akavuta kigoda kwa mguu na kunisogezea.

"Kaa," akasema. "Anza wewe."