Spika wa Ohio na bili yangu ya umeme

Nyumbani Tanga tulikuwa tunanunua LUKU. Unaingiza tarakimu kwenye mita, yuniti zinasoma, basi. Hapa Columbus, Ohio, bili huja kila mwezi ikiwa na mistari ya tozo ambayo kwa miaka mingi sikuisoma. Nilikuwa natazama jumla, nalipa, naenda zangu kubeba boksi.

Tarehe 21 Julai 2020 tukiwa kwenye mapumziko kazini, simu za watu zikajaa habari moja: FBI wamemkamata Larry Householder, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo letu. Rushwa ya dola milioni 60 hivi. Nilidhani nimesoma vibaya. Mimi ni katika wale waliokuja huku wakiamini kwamba rushwa tumeiacha kwetu.

Nilipoifuatilia ndipo moyo ulipouma. Kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilikuwa ikipeleka fedha kwenye jumuiya iitwayo Generation Now, ya aina ambayo sheria haiilazimishi kutaja wafadhili wake. Fedha hizo zikawaingiza bungeni wagombea waliompa Householder kiti cha Spika Januari 2019. Julai mwaka huohuo ukapita Muswada Namba 6: zaidi ya dola bilioni moja kutoka kwa walipa bili, kuokoa mitambo miwili ya nyuklia kando ya Ziwa Erie, na juu yake ruzuku kwa mitambo miwili mikuukuu ya makaa ya mawe, mmoja wao hata haupo Ohio, uko Indiana! Householder mwenyewe alichota kwenye zile fedha za FirstEnergy karibu dola nusu milioni: madeni ya kadi za benki, nyumba yake ya Florida, kesi ya biashara iliyokuwa inamwandama.

Lipo jambo ambalo hadi leo linanikaba. Mwaka 2019 kuna raia waliojaribu kuipeleka sheria ile kwenye kura ya wananchi wote. Zilihitajika sahihi 265,774. Kijana mmoja alinisimamisha nje ya duka na karatasi zake. Sikuweza kusaini, sikuwa na uraia. Nikamwambia jirani yangu, mzee wa Bukavu aliyekwisha kuapa uraia, aende yeye. Akakataa kabisa. "Ndugu yangu, ile karatasi ni ya Wachina. Wanataka kukamata umeme yetu." Alikuwa ameona matangazo ya televisheni, na yalirushwa usiku na mchana. Nami nikamwamini, maana yeye ni mkubwa wangu na amekaa huku zaidi. Baadaye kesi ilionyesha kwamba matangazo yale yalilipiwa na fedha zilezile. Sahihi hazikutosha.

Wabunge wenzake walimvua uspika siku chache baada ya kukamatwa, lakini kiti cha ubunge akabaki nacho. Novemba 2020 jina lake ndilo pekee lililochapishwa kwenye karatasi ya kura, na watu wa jimbo lake la uchaguzi wakamrudisha. Ndipo Juni 16, 2021 Baraza likamfukuza, kura 75 kwa 21, na wengi wa waliomfukuza walikuwa Warepublican wenzake. Mbunge wa mwisho kufukuzwa kabla yake ilikuwa 1857.

Kesi ilisikilizwa Cincinnati. Alipanda kizimbani kujitetea mwenyewe, haikumsaidia. Machi 2023 jopo la raia kumi na wawili likamtia hatiani, na Juni akahukumiwa miaka 20, kiwango cha juu kabisa. Ana mke na watoto, na sikuifurahia habari ile. Ila niliisoma mara mbili.

Ile tozo ya nyuklia, senti 85 kwa mwezi kwa kila nyumba, mahakama iliizuia kabla haijaanza kukatwa, kisha bunge likaifuta. Ya makaa ya mawe ikaendelea. Spika alikuwa gerezani, nasi tulikuwa bado tunalipa! Mke wangu ndiye aliyenionyesha ulipo mstari wake kwenye bili, kakunja miwani mkononi, kidole juu ya karatasi. Ni mwaka 2025 tu ndipo sheria nyingine ilipopitishwa kuiondoa. Siku hizi bili ikifika tunakaa mezani wawili, tunasoma mstari kwa mstari, na yule mzee wa Bukavu naye huleta ya kwake.