Juu ya fungu, kaskazini ya Mbudya

Bagamoyo tulifika, tukakaa siku mbili, tukarudi. Ya huko sina mengi. Ninachotaka kusimulia ni fungu la mchanga lililotushika njiani, mimi na mke wangu, mashua yetu imelala ubavu na Dar es Salaam tunaiona kwa macho.

Tulitoka Msasani na upepo wa kusi wa Septemba, taratibu, usiku wa kwanza tukatia nanga kisiwa cha Mbudya. Kiingilio nililipa bila kinyongo, maana matumbawe yale yanahifadhiwa tangu 1975. Kilichoniuma ni samaki mmoja, changu, na chipsi kwa shilingi elfu arobaini, tena havina chumvi.

Asubuhi tukatweka tanga. Nilipita karibu na Fungu Yasini ili mke wangu aone mchanga ule mweupe. Mkuku, ule uti wa chini wa mashua, ukakwaruza mara moja, mara ya pili ukakaa. Saa mbili na nusu. Nikawasha mashine nirudi nyuma. Pangaboi likachimba mchanga, maji yakawa meupe kama tui.

Mzee mmoja akapita na ngalawa. "Zima, mwanangu! Maji yanapwa haya. Peleka nanga kwenye kina, ichimbie, ungoje." Akateremka mwenyewe akamwonyesha mke wangu pa kupenyeza godoro letu, mbao zisije zikalalia mawe. Fedha alikataa. Alichukua chupa ya maji, akauliza kwa upole: "Jana mwezi hamkuuona?"

Tuliuona, tukausifia ulivyojaa! Mimi, mtoto wa Kilwa Kivinje, sikukumbuka kwamba mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwetu bibi alituamsha kwa maneno mawili, "Maji yametoka," na kabla ya chai tuko ufukoni na vikapu, tunaokota kombe. Saa hakuwa nayo. Miaka ishirini ya Sinza na daladala imeninyang'anya hesabu ile, na inaniuma kuliko godoro lililolowa.

Saa tano kaa wadogo walikuwa wanatembea chini ya usukani. Nikampigia mama Kilwa, nikamuuliza tu mwezi leo ngapi.

"Kumi na sita. Bamvua hilo. Kwani uko wapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tusiisukume, saa saba itaelea.

Saa saba kasorobo mbao zikaanza kulia. Mashua ikajiinua kidogo kidogo, na mke wangu alikuwa ameshashika kamba ya nanga, anavuta.