Kumbukumbu ya Pentium II: mafaili ya Windows 98 yamehamia kwenye diski

Jumamosi. Mashine, kompyuta ya zamani ya Pentium II, imewaka kwa flopi. Diski ya GB 6 nimeifomati kwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili) na kuigawa: C ya mfumo, D ya kuhifadhia. Tatizo ni kisoma sidii, kimechoka. Nimejaribu kupiga (kusakinisha) Windows 98 SE mara mbili na zote zimekatika njiani.

Usiku nimegeuza kibao. Badala ya kupiga kutoka kwenye sidii, nikaamua kwanza kunakili folda nzima ya WIN98 hadi C:\WINDOWS\OPTIONS\CABS, pale pale ambapo watengenezaji wengi wa kompyuta za enzi hizo walikuwa wakiyaweka mafaili haya. Ni zaidi ya MB 100, karibu yote ni kabu, yaani mafaili ya Windows yaliyobanwa. Nikaita SMARTDRV kwanza, programu ya kuharakisha usomaji wa diski, maana bila hiyo DOS (mfumo wa amri za kuandika) hunakili kwa mwendo wa kinyonga. Kwenye kabu moja sidii ikaanza kukwaruza, skrini ikaandika CDR101, kosa la kushindwa kusoma sidii, na kuuliza Abort, Retry, Fail? Nikabonyeza R, yaani ijaribu tena. Ikakataa. R tena. Nikaitoa sidii, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, nikairudisha, R. Ikapita. Kilichobaki kilisomeka chote, na Windows yenyewe ikaingia bila kukwama hata mara moja.

Faida nyingine nimeiona leo, Jumapili. Windows 98 hukumbuka ilipopigiwa. Flopi ya kuwashia hutengeneza diski ya muda ndani ya RAM, ikachukua herufi E, sidii ikasukumwa hadi F. Ukishaingia Windows, ile diski ya muda haipo na sidii inarudi E. Kwa hiyo aliyepiga kutoka F anaweza kuombwa sidii ambayo tayari imo ndani, kwa kuwa inatafutwa kwenye herufi isiyokuwepo. Wangapi walirudia kupiga Windows nzima kwa sababu ya herufi tu!

Nimechomeka kadi ya mtandao. Draiva, programu inayoiendesha kadi, imejichukulia mafaili yake kwenye diski, haikuniomba chochote. Nimefungua regedit, kifaa cha kuona mipangilio ya ndani ya Windows, kuhakikisha: SourcePath, yaani mahali Windows inapotafuta mafaili yake, inasoma C:\WINDOWS\OPTIONS\CABS. Nimefurahi sana.

Folda nimeinakili pia D, ili hata nikiifomati C nisihitaji tena kile kisoma sidii. Kesho ni kadi ya sauti.