Doti Moja kwa Gauni Moja

Mchoro ulifika karakana asubuhi, umebanwa pamoja na karatasi ya oda: magauni 60 ya kanga kwa duka moja la Zanzibar, saizi nne, sketi ya kutanuka kuelekea chini kama herufi A, pindo la kanga lizunguke sketi yote kwa chini, jina lisomeke mbele, na urefu wa sentimita 115 kutoka begani. Nilikuwa mwanafunzi wa ubunifu wa mavazi, nikifanya mafunzo kwa vitendo hapo Dar es Salaam, na siku hiyo nilipangwa meza ya kukatia chini ya fundi mkuu, mama ambaye kukata nguo ndiyo kazi yake tangu ujana. Aliitikia shikamoo yangu, akatandaza kanga moja mezani, akaweka mchoro pembeni yake, akavitazama vyote viwili.

"Mwanangu, gauni hili limechorwa bila kanga," akasema.

Darasani tulianza na kitambaa cheupe kisicho na maua. Kitambaa cha namna hiyo hakina juu wala chini. Unalaza patani, yaani kipande cha karatasi cha kukatia, popote ilmradi mshale wa uzi uliochorwa juu yake ufuate mtande, yaani nyuzi za urefu wa jora. Kanga si hivyo. Imeshabuniwa kabla haijafika mezani: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina juu ya pindo la chini. Kila kimoja kina mahali pake, na mkasi ukipita ovyo jicho la Mswahili linaona mara moja, hata kama mvaaji mwenyewe haoni.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni ukingo wa kitambaa. Kanga inafumwa na kuchapwa ikiwa jora refu, moja baada ya nyingine, kwa hiyo kingo zisizofumuka ziko juu na chini, na ncha zinazochanika ziko ubavuni. Maana yake mtande unapita kwa urefu wa kanga, kutoka ubavu hadi ubavu. Ukishona sketi yenye pindo chini, mtande haushuki kutoka kiunoni kwenda magotini kama tulivyofundishwa; unauzunguka mwili. Hilo linabadili mengi. Pamba iliyofumwa kwa kawaida hurudi zaidi upande wa mtande, kwa kuwa nyuzi hizo ndizo zinazovutwa sana kiwandani. Sketi ya kawaida ikirudi, inafupika. Sketi ya kanga ikirudi, inabana.

Tukapima. Alichora kwa kalamu ya wino usiofutika mraba wa sentimita 50 kwa 50 juu ya kanga, ikafuliwa kwa maji ya moto, ikakaushwa juani, ikapigwa pasi bila kuvutwa. Upande wa mtande ulibaki 47.5, upande wa mshindio, yaani nyuzi zinazokatiza mtande, 49. Yaani asilimia 5 na asilimia 2. Kwa mwanamke mwenye kifua cha 92, gauni lililokatwa likiwa na nafasi ya kupumua ya sentimita 8 lina mzunguko wa 100. Likifuliwa mara moja linabaki 95, na nafasi ile inakuwa 3. Atainua mkono, mshono wa kwapani utaachia. Mteja atasema fundi hajui kushona, wakati mshono hauna kosa lolote.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuongeza patani upande wa mtande, kila 95 iwe 100, halafu gauni liuzwe likiwa pana kidogo na lijirekebishe nyumbani. Ya pili ni kufua kanga zote kabla ya kukata. Wenye maduka huipenda ya kwanza kwa sababu kanga mpya ina wanga, inang'aa, inasimama vizuri kwenye hanga. Fundi mkuu alichagua ya pili, na mpaka leo nakubaliana naye kabisa. Jora moja halirudi sawa na jingine, kwa hiyo kuongeza patani ni kubahatisha. Na kufua kunafichua kingine: rangi. Nyekundu na nyeusi ndizo za kuogopa. Unalowesha kitambaa cheupe, unakiweka juu ya kanga, unapiga pasi ya moto. Kikichukua rangi, kanga hiyo isuuzwe kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, la sivyo itachafua sehemu nyeupe za mji wake yenyewe. Chumvi na siki ambazo watu hutia kwenye beseni hazishiki rangi ya kiwandani. Kinachosaidia ni kuondoa rangi iliyozidi.

Kanga zetu zilikuwa sentimita 150 kwa 110. Baada ya kufuliwa zilitarajiwa kubaki takriban 142 kwa 108, na hapo ndipo mchoro ulipokutana na ukuta. Mbele ya gauni, sketi na sehemu ya juu, vinatoka kwenye kanga moja, vikipangwa wima. Toa kutoka kwenye 108 sentimita 1 ya kukunja chini, 3 za mshono wa kiuno na 1.5 ya bega. Zinabaki 102.5. Huo ndio urefu wote wa gauni. Ukitaka 115 lazima uunge kipande, na kiungo hicho kitakata mji au kipandishe pindo. Tukagawa: sketi 60, sehemu ya juu 42.5. Inafika gotini, basi.

Sketi ya herufi A nayo ilikataa. Sketi ya umbo hilo ina upinde kwa chini; usipoupinda, ubavuni inaning'inia chini kuliko katikati. Pindo la kanga limenyooka. Ukifuata upinde wa patani, unakata pindo ubavuni na linaonekana kuzama. Ukifuata pindo, gauni linashuka pembeni. Hakuna fundi anayeweza kukwepa hilo. Dawa ni mstatili: kipande cha upana wa sentimita 90 kilichonyooka juu na chini, na ziada yake yote ipelekwe kiunoni kwa marinda mpaka ilingane na sentimita 38 za nusu kiuno. Marinda ya kanga hukaa vizuri.

Kuna kishawishi cha kukata mbele na nyuma kwa kuzipanga ubavu kwa ubavu kwenye kanga moja, ili doti itoe sketi mbili. Ukipunguza upana wa sketi hesabu inakaribia kukubali, lakini katikati ya mji na katikati ya jina vitaangukia kwenye mshono wa ubavu. Jina lililokatwa katikati halisomeki, na wakati mwingine nusu yake husema jambo ambalo hakuna mtu angependa kulivaa. Kwa hiyo mbele ilichukua katikati ya kanga ya kwanza, nyuma katikati ya kanga ya pili. Zipu haikuwekwa mgongoni, kwani ingepasua jina la nyuma. Iliwekwa ubavu wa kushoto, zipu ya kujificha.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote ni mkono. Juu ya kanga ya kwanza, kila upande wa sehemu ya kifua, kunabaki eneo la karibu sentimita 44 kwa 45 lenye pindo la ubavuni. Fundi aliilaza patani ya mkono, akaigeuza robo duara, mdomo wa mkono ukakaa juu ya pindo hilo. Mkono mmoja ukatoka kushoto, mwingine kulia, ukiwa na urembo wake tayari, na mtande ukishuka kutoka begani kama inavyotakiwa. Kanga ya pili ikatoa ukanda, mifuko na vipande vya ndani vya shingo.

Kisha kukata kwa wingi. Viwanda vya suruali na fulana za kuuza nje hutandaza matabaka kwa makumi, na ramani ya kukatia husifiwa inapotumia asilimia 85 ya kitambaa au zaidi. Kanga haikubali matabaka mengi hivyo. Hakuna kanga mbili ambazo pindo zake zimeangukia sehemu ileile kabisa, na baadhi hutoka kiwandani zimevutwa mshazari. Tulitandaza matabaka 10 tu, zote uso juu, na kila moja ilichomwa sindano ndefu kwenye pembe nne za ndani za pindo, sindano ileile ikipita pembe ileile toka juu hadi chini. Iliyopinda chini ya sentimita 2 ilinyunyiziwa maji, ikavutwa mshazari upande wa pili na kupigwa pasi. Iliyozidi hapo iliwekwa kando. Palipokuwa na mgongano kati ya uzi na chapa, tulifuata chapa.

Kushona kulikuwa kwepesi: sindano namba 11, mshono wa milimita 2.5, bitana nyepesi ya pamba kwenye sketi kwa sababu kanga iliyofuliwa inaonyesha mwili juani.

Karatasi ya gharama ilibidi iandikwe upya. Mstari wa kitambaa ulikuwa doti moja kwa gauni, bila njia ya kuupunguza. Ufuaji na pasi vikapata mstari wao, na muda wa kukata ukapanda kuliko wa kushona. Mwenye duka alipinga urefu kwanza, kisha bei. Fundi mkuu akamwekea mezani magauni mawili ya saizi moja, yote yamefuliwa mara tatu: moja la kanga iliyokatwa ikiwa mpya, jingine la kanga iliyofuliwa kwanza. Zipu ya lile la kwanza haikufunga mwilini mwa msaidizi wake. Oda ikasainiwa kwa sentimita 102.