Kwa nini Mungu hakusamehe tu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Swali la juma hili ni lile ambalo majirani zetu Waislamu hutuuliza mara kwa mara, nao wana haki ya kuuliza: ikiwa Mungu ni mwingi wa rehema, na akitaka jambo husema tu likawa, kwa nini hakusema "nimewasamehe" yakaisha? Damu ya nini? Wengi wetu tukiulizwa hivyo hukimbilia Waebrania 9:22, "pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo," tukaondoka tukidhani tumejibu. Kumbe tumerudia tu jambo lile lile tuliloulizwa, kwa sauti ya juu zaidi.

Tena hapa Uganda swali hili lina uchungu wake. Tunaishi katika nchi ambayo watoto wameuawa kwa waganga ili mtu fulani apate utajiri, hadi Bunge likapitisha sheria ya kuzuia kafara ya binadamu mwaka 2021. Mama anayemsindikiza mtoto wake shuleni kila asubuhi kwa hofu hiyo, akipita karibu na kanisa na kumsikia mhubiri akipaza sauti kwenye spika juu ya nguvu ya damu, anasikia nini? Mimi simlaumu akishtuka. Na Biblia iko upande wake. Torati ilikataza watu kumtolea Moleki, mungu wa kipagani, watoto wao, na katika Yeremia 7:31 Mungu anasema jambo hilo hakuliagiza wala halikuingia moyoni mwake. Basi lolote tutakalosema juu ya msalaba, lisifanane na kazi ya mganga, ambaye huchukua uhai wa asiyejiweza ili kumnufaisha mwenye pesa.

Tuanzie kwenye Walawi 17:11, maana ndipo wengi hupita haraka. Tunashika maneno "uhai wa mwili u katika hiyo damu" na kuyaacha yanayofuata: "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu, ili kufanya upatanisho." Nimewapa! Mataifa waliozunguka Israeli walipeleka sadaka ili kumtuliza mungu aliyekasirika. Hapa Mungu aliyekosewa ndiye anayetoa njia ya kurudi kwake. Wala damu yenyewe haikuwa na uchawi wowote. Maskini aliyeshindwa kupata hata hua wawili aliruhusiwa kuleta unga, sehemu ya kumi ya kipimo kiitwacho efa, na akasamehewa (Walawi 5:11-13). Ndiyo maana mwandishi wa Waebrania anasema "karibu vitu vyote" husafishwa kwa damu; hakusema vyote. Sura inayofuata anamaliza kabisa: haiwezekani damu ya mafahali na mbuzi kuondoa dhambi. Kwa hiyo miaka yote ile ya madhabahu ilikuwa ikielekeza mbele, kwenye jambo ambalo mnyama hakuliweza.

Ni jambo gani hilo? Ndugu zetu Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wanaweza kutusaidia hapa kuliko vitabu vingi vya theolojia. Kwao mtu akiua mtu wa ukoo mwingine, koo hizo mbili hazili pamoja, hazinywi pamoja, wala hazioani, mpaka ifanyike ile desturi ya mato oput. Wazee husuluhisha, aliyeua hukiri, na ukoo wake hulipa fidia. Zamani mali hiyo iliweza kutumika kuoa mke, ili azaliwe mtoto wa kubeba jina la marehemu. Kisha pande mbili hupiga magoti na kunywa kwenye kibuyu kimoja dawa chungu iliyotengenezwa kwa mzizi wa mti wa oput. Hakuna mzee wa Gulu au Kitgum atakayekuambia, "Semeni tu pole, muendelee." Uhai umepotea. Kusema pole peke yake ni kama kusema marehemu hakuwa kitu.

Hilo ndilo msamaha wa maneno matupu ungemfanyia kila aliyedhulumiwa duniani. Mungu ni Mungu wa aliyeua, na pia ni Mungu wa mama wa aliyeuawa. Akimwambia muuaji "yamekwisha" bila zaidi, mama yule atamwambia nini? Paulo aliliona tatizo hilo. Katika Warumi 3:25-26 anasema Mungu alikuwa ameziachilia dhambi zilizotangulia kwa ustahimili wake, na kwamba msalaba ulionyesha haki yake, ili yeye mwenyewe awe mwenye haki na wakati huo huo amhesabie haki yule amwaminiye Yesu. Vyote viwili pamoja, na hapo ndipo penye ugumu wote wa suala hili.

Lakini nani alipe? Mgeni apitaye njiani hawezi kulipia ukoo usio wake, haimhusu. Mwishoni mwa karne ya 11 Anselm, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alilieleza kwa lugha ya deni: anayedaiwa ni mwanadamu, lakini mwenye uwezo wa kulipa ni Mungu peke yake, hivyo mlipaji alipaswa kuwa Mungu aliye mwanadamu. Nadhani wazee wa Kiacholi wangemwelewa mapema kuliko wanafunzi wake. Waebrania 2:17 inasema hivyo hivyo kwa maneno machache: "ilimpasa kufananishwa na ndugu zake katika mambo yote." Kwanza aliingia katika ukoo wetu, ndipo akalipa kama mmoja wetu.

Hapo ndipo mfano wa mato oput unapofika mwisho wake, na ni vizuri ufike. Katika desturi ile hulipa ukoo wa aliyekosa. Pale Kalvari alilipa aliyekosewa. Wengine huhubiri kana kwamba Baba alikuwa na hasira, akakosa wa kumpiga, akampata Mwana. Mahubiri hayo siyapendi, na sidhani Maandiko yanayapenda. "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe," asema Yesu juu ya uhai wake (Yohana 10:18), naye Paulo anasema "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Wakorintho 5:19). Mganga hutoa mtoto wa mwingine. Hapa Mungu anajitoa.

Mtu atauliza juu ya mwana mpotevu: mbona baba yake alimsamehe bila sadaka? Msikilize kaka mkubwa. Mali ilikuwa imekwisha kugawanywa. Kila kilichobaki pale nyumbani kilikuwa chake, pamoja na ndama yule aliyechinjwa kwa karamu ya mdogo wake. Alinung'unika kwa sababu alijua karamu ile ina gharama.

Sisi wenyewe tumeshaona gharama hiyo hapa kwetu. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda (Anglikana), mwana wa Acholi, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia mwezi huo huo, akavuka milima usiku na mkewe hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni alitangaza hadharani kwamba amemsamehe Amin. Amin hakuwa ameomba radhi. Hakulipa chochote. Uchungu wote wa msamaha ule ulibaki kifuani mwa Kivengere, naye alisema wazi kwamba nguvu ya kuubeba aliipata msalabani.

Neno moja bado, nalo ni la kanisani kwetu. Waebrania 10:11-12 inasema kila kuhani husimama kila siku akitoa dhabihu zile zile, lakini Kristo alitoa dhabihu moja, kisha akaketi. Ameketi kwa sababu kazi ile imekwisha. Basi akija mtu na kukuambia kwamba laana ya ukoo wenu inahitaji "mbegu," yaani sadaka, ya shilingi laki tano ili damu ya Yesu ifanye kazi, mwonyeshe mistari hiyo miwili, na fedha yako ikalipe karo ya watoto.